Kompyuta, Usinipe Maksi!

Nilipata asilimia 97. Naitaja namba hiyo mwanzo kabisa ili asitokee mtu wa kuniambia ati naichukia kompyuta kwa sababu ilinishinda. Haikunishinda hata kidogo. Mwaka mzima na miezi juu yake nilijifungia chumbani Mwananyamala, gitaa la umeme la mtumba mapajani, waya umechomekwa kwenye kompyuta, hedifoni masikioni, macho kwenye kioo. Vidonge vya rangi vinakuja mbio, kila kidonge na namba yake ya kukuonyesha ubane wapi. Ukigusa uzi unaotakiwa kwa wakati unaotakiwa, kidonge kinageuka kijani. Ukikosea, kinakuwa chekundu. Wimbo ukiisha unapewa maksi na nyota, na inasikika sauti ya watu wanaoshangilia, watu ambao hawapo. Nilikuwa na nyota nyingi kuliko bendera ya Marekani.

Halafu siku moja mshikaji wangu anayepuliza tarumbeta akanipeleka mazoezini kwenye bendi yao ya dansi. Bendi siitaji, haina kosa. Nikafungua begi, nikachomeka waya, nikakaza nyuzi kwa programu ya simu, wote wakinitazama. Mzee anayepiga rizimu akaanza. Noti nne. Nne tu, zinazunguka, zinazunguka, kama mtu anayekoroga uji hataki uungue. Besi ikaingia. Solo la pili likaingia katikati ya zile noti nne, pale palipokuwa na nafasi. Mzee akanipa ishara kwa kidevu: ingia.

Sikuingia. Nilikuwa nasubiri vidonge.

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa, wallahi. Kichwa changu kilikuwa kimezoea kuambiwa lini. Mara ya tatu mzee alipoinua kidevu nikajitosa, nikapiga solo nililokuwa nimelifanyia mazoezi, safi kabisa, ufunguo uleule, hakuna noti hata moja ya uongo, na nikamkanyaga kila mtu mle ndani. Mpiga besi akaangalia dari. Mzee akasimamisha bendi, akaniuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi: "Mwanangu, vidole unavyo. Sasa hapo ulikuwa unampigia nani?"

Tangu siku hiyo nina ugomvi, na nataka niumalizie hapa ukurasani.

Kwanza nigombane na wazee wenyewe, nisije nikahesabiwa kambi yao. Wapo vijiweni, tunawasikia: gitaa halifundishwi na mashine, gitaa linatoka damuni, vijana wa kompyuta ni wavivu. Porojo! Muziki wa dansi wa nchi hii umefundishwa na mashine tangu utoto wake. Nani alitoka Havana kuja kukaa Morogoro na kuwaonyesha watu rumba? Hakuja mtu. Zilikuja santuri. Zile za alama ya GV, zilizojaa muziki wa Kuba, zilianza kutolewa miaka ya 1930, zikasambaa Afrika, zikafika Kongo, zikafika na kwetu. Vijana wa wakati ule wakaziweka kwenye gramafoni, wakazungusha mpini, wakasikiliza mpaka sindano ikachoka. Ndipo bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro ikajiita Cuban Marimba. Mnadhani waliotunga jina hilo walikuwa wamesoma Kuba?

Ikaja zamu ya redio, ikaja ya kaseti. Mwulize yeyote aliyejifunza gitaa kwa kaseti, atakueleza habari ya kurudisha nyuma kwa kidole, kusikiliza sekunde tano, kurudisha tena, mpaka utepe unatafunwa. Betri zikiisha nguvu wimbo unapungua kasi, unapata kusikia vidole vinakwenda wapi, ila sauti nayo inashuka, kwa hiyo unajifunza wimbo kwa ufunguo ambao si wake. Santuri ndiyo hivyohivyo: ile ya mizunguko 45 ukiizungusha kwa 33, sauti inashuka karibu nusu toni tano. Leo kompyuta inapunguza mwendo wa wimbo mpaka nusu na sauti inabaki palepale. Mzee anayekataa kitu kama hicho, ama amesahau alivyoteseka, ama anataka na sisi tuteseke ndipo aridhike.

Na walimu wako wapi? Bagamoyo kipo chuo tangu mwaka 1981, Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy tangu 2002, navipigia saluti. Lakini kijana wa Mwananyamala anayeuza vocha mchana kutwa hawezi kuhamia Bagamoyo. Kompyuta aliyoazima kwa binamu yake ndiyo chuo. Hapo mimi na kompyuta hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanzia hapa. Gramafoni haikumwambia mtu yeyote kwamba amekosa. Ilipiga, ikanyamaza, ikapiga tena. Redio nayo ilipiga mara moja ikaenda zake. Kazi ya kuamua kama ulichopiga kinafanana, au hakifanani lakini ni kitamu, ilibaki kwako na kwa mwenzako aliyeketi karibu. Ndiyo maana watu walikosea kwa uhuru. Sehemu za piano ya Kuba zikapigwa kwa gitaa huko Kongo, Kihispania kikaimbwa na watu wasiojua Kihispania, rumba ikaota miguu mingine kabisa. Programu yangu ingewapa asilimia 40 na kuwaambia warudie somo la kwanza. Na bendi zetu zilipogombania mashabiki, ziligombana kwa mitindo, kila bendi na mtindo wake na jina lake. DDC Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 wakatoka na Sikinde yao, wenzao wakiwa na Msondo. Nani angempa nani maksi? Kwa kipimo kipi?

Nasema basi: kuna mashine inayorudia ulichoiomba, na kuna mashine inayokutolea hukumu. Ya kwanza ni mtumishi. Ya pili imejipa cheo ambacho hakuna aliyempigia kura. Guitar Pro, ambayo Wafaransa wameitoa tangu 1997, inakuandikia mistari sita na namba za freti na kukuchezea ulichoandika; sina neno nayo. Guitar Hero ya mwaka 2005 ilikuwa na gitaa la plastiki lenye vitufe vitano, na angalau ilikiri kuwa ni mchezo. Mwaka 2011 ikaja Rocksmith ya Ubisoft, hapo unachomeka gitaa lenyewe, la mbao na nyuzi, na mchezo unakusikiliza. Mpaka kati ya mchezo na mwalimu ukafutika tangu hapo, na ndugu zangu wengi hawakuona ulipofutika. Mimi mmojawapo.

Lakini inasikia nini hasa ikikusikiliza? Nilikwenda kutafuta, na nilichokipata ni rahisi kuliko nilivyodhani. Inatafuta mambo mawili, sauti ilianza lini na inatikisika mara ngapi kwa sekunde. Basi. Uzi ule mnene wa gitaa ukikazwa kawaida hutikisika kama mara 82 kwa sekunde, yaani mtikisiko mmoja unachukua milisekunde 12. Mashine haiwezi kutaja jina la sauti kabla haijaona mtikisiko mmoja au miwili imetimia. Uzi mwembamba kabisa unatikisika kama mara 330, milisekunde 3 tu. Kwa hiyo nyuzi nene inazitambua kwa kuchelewa, na hilo si uzembe wa mtengenezaji, ni hesabu. Noti mojamoja inazimudu vizuri. Ukibana kordi ya nyuzi tano mambo yanaanza kuchanganyika. Ukiua uzi kwa kiganja, ukatoa ule mlio mkavu wa "chka" usio na sauti ya kutajwa, programu niliyokuwa nayo mimi ama haikuusikia ama iliuandika kosa. Na mpiga rizimu wa dansi mnyang'anye ule mlio mkavu uone anabaki na nini.

(Wapo washikaji wanaobishana mpaka usiku wa manane kuhusu milisekunde za saundi kadi zao. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye spika, sauti inakufikia baada ya milisekunde 9 hivi. Watu wamesimama mbali na spika zao tangu gitaa lianze kuchomekwa umeme, na wacheza dansi wamecheza. Acheni hizo.)

Kubwa zaidi ni lile isiloweza kulisikia kabisa, maana halina mtikisiko: kunyamaza. Msikilize mpiga solo mzuri wa dansi, kwa mfano Mbaraka Mwinshehe, uhesabu anapiga kwa muda gani na anangoja kwa muda gani. Anangoja mwimbaji amalize neno, ndipo anamjibu. Wimbo ukifika kwenye chemko, magitaa matatu yanagawana nafasi moja: rizimu anashikilia, solo la pili anajaza matundu, solo anapita juu. Noti hiyohiyo moja ni nzuri ikiwa mwenzako amekuachia nafasi, na ni ugomvi kama hajakuachia. Utaipaje maksi noti bila kujua mwenzako yuko wapi? Kuna na lile la kukaa nyuma kidogo ya mapigo, kwa makusudi, kama mtu anayetembea bila haraka kwa sababu anajua gari haliwezi kuondoka bila yeye. Yule mzee wa rizimu ndivyo apigavyo. Nilimrekodi kwa simu, nikaenda kujifunza nyumbani, nikapiga kama yeye mbele ya programu yangu, ikaniambia "umechelewa". Mara kumi na sita mfululizo. Umechelewa, umechelewa. Nikaanza kurekebisha. Ndiyo, msomaji, nilianza kujirekebisha niifurahishe! Nikanyoosha kile kilichokuwa kimepinda vizuri.

Hapo ndipo nilipoogopa.

Maana haikunikosesha wimbo tu. Ilinifundisha ladha, kimyakimya, na ladha yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine. Zile nyimbo nilizozipatia nyota zilitoka wapi? Kwenye programu yangu hapakuwa na hata wimbo mmoja wa dansi la Kiswahili, hata rumba moja ya Kongo. Rock nilizipata tele, na sizitukani, zipo ninazozipenda mpaka leo. Lakini mwaka mzima vidole vyangu vilikuwa vinasoma jiografia ya nchi za watu.

Ngoja niwape mfano mwingine, huu ndio ulionichekesha kwa uchungu. Zipo programu za kuchambua wimbo uliokwisha rekodiwa na kuutenganisha vipande, upate kusikia chombo kimoja kimoja. Kwa mtu anayejifunza gitaa hiyo ni dili kweli. Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa moja bure kwa kila mtu, inaitwa Spleeter. Katika mgawanyo wake mmojawapo mafungu ni manne: mwimbaji, ngoma, besi, na vinginevyo. Gitaa limo wapi? Limo kwenye vinginevyo, pamoja na kinanda na tarumbeta. Baadaye Demucs ikaongeza fungu la gitaa, tukashukuru, lakini ni fungu moja. Magitaa yote kapu moja! Aliyepanga mafungu hayo hakuwa na nia mbaya. Alifikiria muziki anaoujua, ambamo mwimbaji ndiye bwana na gitaa ni shemeji. Muziki wetu ni mazungumzo ya magitaa matatu, na mashine ikitenganisha inayarundika pamoja kama mizigo isiyo na mwenyewe. Sisi ni vinginevyo, jamani.

Nyinyi mnaotuma hadithi na mashairi hapa mnajua ninachosema, tena labda kuliko wapiga gitaa. Fungua kompyuta iliyopangiwa Kiingereza, andika "sikumbuki alikokwenda", utazame mistari myekundu inavyotapakaa. Kila neno lako ni kosa. Unajua si kosa, lakini ukikaa na wekundu huo miaka mitano? Namjua mwandishi aliyeanza kufupisha vitenzi vyake bila kujua kwa nini.

Sasa mshikaji wangu mmoja, ambaye bado analipia programu yake kila mwezi kwa dola, kanikabili juzi. Kasema: wewe unaongea hivyo kwa kuwa vidole ulishavipata. Hizo nyota unazozitukana ndizo zilizokufanya urudi kwenye gitaa kila usiku. Na bila maksi mtu anayejifunza peke yake atajuaje kama amekosea? Si atajidanganya tu?

La kwanza nalikubali, kwa nini niongope. Miezi mitatu ya mwanzo, ncha za vidole zikiuma na mke wa mwenye nyumba akigonga ukuta, ni zile nyota zilizonirudisha. Sifa kwao. Lakini baiskeli ya mtoto ina magurudumu manne, na hakuna anayeingia nayo barabara ya Morogoro. Na siku kadi yangu ilipokosa salio programu ikajifunga, nyota zangu zote zikabaki hukohuko ndani. Vidole nikaondoka navyo.

La pili ndilo nalikataa kabisa. Unajuaje kama umekosea? Jirekodi. Weka simu mezani, piga, kisha keti usikilize kama unamsikiliza adui yako. Mimi mara ya kwanza nilitamani kuuza gitaa. Niligundua nakimbia: kila nikifika kwenye kona ninayoiweza naongeza mwendo kwa furaha, kama mtoto anayeona kwao. Asilimia 97 haikuwahi kuniambia hilo, kwa sababu programu ilinipigia ngoma zake, nikawa nimeshikwa mkono. Ngoma zilipoondolewa nikawa mlevi. Simu haikunipa alama yoyote. Ilinirudishia nilichopiga, aibu nikaipata mwenyewe, na aibu uliyoipata mwenyewe unaijua chanzo chake.

Kwa hiyo kompyuta sijaitupa. Ipo mezani hapa, inafanya kazi ya gramafoni. Naweka wimbo wa zamani wa dansi, nachagua sekunde nane za chemko, naushusha mpaka asilimia 60, unazunguka. Siku za mwanzo hata kukaza nyuzi ilikuwa shida: kipimo cha simu kinaniambia gitaa langu liko sawa, nikipiga pamoja na wimbo linalia kama paka. Kumbe kanda ilinakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa kutoka kanda, mwendo umepotoka, wimbo umekaa katikati ya funguo mbili. Nikazima kipimo, nikakaza uzi mmoja kwa sikio kufuata besi ya wimbo, mingine nikaifungia kwa huo. Dakika ishirini. Asilimia ngapi, sijui.

Wiki hii nipo na zile sekunde nane. Solo nimelishika. Solo la pili nalisikia likiingia na kutoka. Rizimu ndiyo inayonitoa jasho: noti nne, moja imeuliwa kwa kiganja, nyingine imechelewa, na sijui bado imechelewa kwa kiasi gani. Mzee kaniambia nirudi Jumamosi, ila nisilete solo.